Fundi Aliyekataa Kusikia

Mwaka 1998, Kamembe, upande wa Rwanda wa mpaka na Kongo, ilikuwa na mafundi wengi wa kufungua na kufunga, lakini Sikio alikuwa mmoja tu. Jina lake halisi Mudathiru. Alikuwa anauma mpini wa bisibisi kwa meno, ncha anaigusisha kwenye injini, anafumba macho, halafu anakuambia ugonjwa uko wapi kabla hajafungua boliti hata moja. Alijifunzia Bukavu, ng'ambo kule Kongo, kwenye garaji ya Mgiriki mmoja aliyekuwa anapiga batu makofi wakikosea. Kabla ya vita alivuka daraja la Rusizi asubuhi na kurudi jioni, kama muntu anayetoka sebuleni kwenda jikoni.

Sasa hakuvuka tena. Na lile jina la Sikio, ambalo zamani lilimfanya atembee kifua mbele, lilimfanya aangalie nyuma kila akiitwa.

Sababu ni Birindwa. Huyu alikuwa fundi wa malori, yeye na Mudathiru walikuwa wanagawana kiwanja kimoja pale chini ya msikiti. Mwezi wa nane wanaume wenye bunduki walileta lori bovu. Birindwa akalitengeneza nusu siku, likanguruma kama jipya. Wakampigia makofi. Wakamwambia, panda bwana, utusindikize siku mbili, likiharibika utakuwepo. Akapanda na sanduku lake la spana. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa umefika na zile siku mbili bado hazijaisha.

Mke wake, Védastine, alikuwa anauza chai na ugali wa muhogo pale mlangoni mwa garaji. Kila lori likitoka upande wa daraja alisimama na mwiko mkononi mpaka lipite lote.

Basi kila fundi wa Kamembe alishajua mambo yalivyo. Ukiharibu gari ya wale wenye bunduki, wewe ni adui. Ukiitengeneza vizuri sana, wewe ni mali yao. Uchague.

Ijumaa moja saa tatu asubuhi Landkruza kuukuu ya dizeli ikaingia kiwanjani. Rangi ilikuwa ya kijani, ya kupakwa na brashi. Nyuma yake, kutoka barabarani, kulikuwa na mstari mweusi wa matone ya mafuta, mrefu, kama gari imechinjwa. Akashuka muntu mmoja mwembamba, koti la mvua, viatu safi. Hakuwa na cheo begani. Askari wake walimwita Afande tu. Afande wa jeshi gani, hakuna aliyeuliza.

"Wewe ndiye wanaita Sikio?"

"Banasema tu, Afande. Batu banapenda kusema."

"Mimi pia napenda wanavyosema." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya upole, na ndiyo iliyomfanya Mudathiru ajifute mikono kwenye suruali mara mbili. "Gari hii inakunywa mafuta ya injini kuliko dizeli. Mafundi watatu wa Bukavu wameifungua. Saa kumi tunavuka, tunaenda mbali. Nataka ikauke."

"Nitajaribu, Afande."

"Usijaribu. Mafundi wazuri mimi siwaachi. Wabaya pia siwaachi." Akacheka kidogo peke yake, akaingia kwenye gari nyingine, akaondoka.

Waliobaki ni wawili. Askari mmoja mnene mwenye redio ndogo sikioni, na dereva wa Landkruza, mtu wa miaka thelathini hivi, Kabera, Munyarwanda aliyezaliwa na kukulia Bukavu. Adhana ya Ijumaa ilipokaribia mafundi wengine wakapanda kwenda msikitini. Mudathiru akachukua kofia yake. Askari akatikisa kichwa bila hata kutoa redio sikioni.

"Ni swala ya Ijumaa, mzee."

"Swali hapo hapo na spana."

Haya. Mudathiru akarudi kwenye injini.

Injini ilikuwa na uchafu mzito wa mafuta na vumbi, unene wa kidole, hata huoni chuma. Hapo fundi mvivu anasema gasketi, anabadilisha gasketi, anakula chakula chake. Wale watatu wa Bukavu walifanya hivyo hivyo: gasketi mpya juu, sili mpya mbele, ile pete ya kuzuia mafuta, sili mpya nyuma. Na bado inavuja. Mudathiru aliosha injini yote kwa dizeli na sabuni ya unga, akaisugua kwa brashi, akaisuuza, akaikausha kwa matambara mpaka chuma kikaonekana. Kazi anaijua, ikaenda yenyewe.

"Maman Védastine," akaita, "nipatie unga."

"Wa kula ao wa kazi?"

"Wa kazi. Wa muhogo, mukavu."

Hiyo ilikuwa njia ya Kamembe. Unga wa muhogo ni mweupe na mwepesi kuliko chaki. Unaupuliza juu ya injini safi, unawasha, unangoja. Mafuta yakitoka popote, unga unalowa pale pale, huwezi kudanganywa. Védastine akaleta kikombe kimejaa, lakini hakukiachia. Akamsogelea karibu kabisa.

"Papa Teta." Teta ni binti mkubwa wa Mudathiru. "Kama banakubeba..."

"Banibebe wapi?"

"Niko nasema kama. Umutafute Birindwa. Umupatie hii." Akavuta triko ya kahawia, sweta ya mume wake, kutoka chini ya kitenge chake, imekunjwa vizuri, imefuliwa. "Kule, ile fasi alipo, banasema iko baridi."

"Maman, ondosha ile."

"Unaogopa triko?"

"Ondosha, nimekuambia!"

Alisema kwa nguvu mpaka askari akageuka. Védastine akarudi kwenye sufuria zake na triko yake. Mudathiru akabaki ameshika kikombe cha unga, ukimwagika kidogo kidogo juu ya viatu.

Akapuliza unga. Injini nzima ikawa nyeupe kama maiti iliyopakwa chokaa. Akamwambia Kabera awashe, akanyage taratibu.

Dakika tano. Doa likatokea mbele, kwenye sili ya shafti kubwa. Halafu lingine nyuma, karibu na klachi. Halafu ukingoni mwa kifuniko cha juu, upande mzima ukalowa. Sehemu tatu! Kutengeneza sehemu tatu mpaka saa kumi haiwezekani hata kwa Mgiriki.

Kisha akaona kitu kimoja kidogo. Kile kijiti cha kupimia mafuta. Kabera alipokanyaga, kijiti kilikuwa kinapanda chenyewe polepole kutoka kwenye tundu lake, kama muntu anakisukuma kutoka ndani.

"Achia," akasema. "Kanyaga tena."

Kikapanda tena.

Akafungua kizibo cha mafuta. Pfuuu! Hewa ikampiga usoni na matone ya moto. Akakiacha wazi, akafuta sili zote, akapuliza unga mpya, akangoja. Mbele, pakavu. Nyuma, pakavu. Juu pia.

Sili zilikuwa nzima. Mafundi wa Bukavu walikuwa wanabadilisha vitu vizima. Injini ilikuwa imezibwa pumzi. Kila injini ina bomba dogo la kupumulia, linatoa upepo unaojikusanya ndani. Likizibwa, ule upepo unatafuta mlango, na mlango wake ni popote palipo dhaifu, na unatoka na mafuta. Unaweza kubadilisha gasketi mpaka kiama.

Akalivua bomba, akalipuliza kwa mdomo. Halikupita kitu. Akachukua waya, akaukunja ncha, akachokoa. Kitu laini kikanasa. Akavuta. Kikatoka kitambaa cheusi cha mafuta, kirefu kama utumbo, na pale katikati ambapo mafuta hayakuwa yamefika, rangi ilikuwa bado inaonekana: njano, na ndege wadogo wa buluu.

Kabera alikuwa ameshuka garini. Alipoona kile kitambaa uso wake ukawa kama majivu.

"Fundi," akasema polepole. "Ile ni kitenge ya maman yangu."

"Unasema nini?"

"Usipandishe sauti. Angalia ule ng'ombe wa redio." Kabera akainama kama anatafuta boliti chini. "Mu '96, vita ilipoingia Bukavu, patron yangu, mwenye gari, alikimbia. Akaniambia, Kabera, chunga motokari. Nikaificha mu migomba, kule nyuma ya kwetu. Nikatoa matairi. Nikaziba matundu yote, panya isiingie, vumbi isiingie. Ekzosi, filta, yote. Maman alipasua kitenge yake. Batu bote balifanya vile, si miye tu. Mwezi wa nane hawa bakaiona. Bakaniambia toa haraka, na uiendeshe weye. Nikatoa vitambaa vyote... nilizani ni vyote."

"Ukasahau moja."

"Nikasahau moja. Fundi, miezi tatu gari inabasumbua. Afande akijua ni miye nilifunga ile tundu, atasema nilifanya makusudi. Unajua anafanya nini batu ba makusudi?"

Mudathiru akakikunja kile kitambaa kiganjani. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua na lingine pia, baya zaidi kwa upande wake. Ukweli ukisemwa, Kabera amekufa. Ukweli ukifichwa, Afande atakuta gari kavu, mafundi watatu wameshindwa, Sikio ameweza ndani ya siku moja. Panda bwana, utusindikize siku mbili.

"Juu ya nini ulikuya nayo kwangu?" akamuuliza kwa hasira. "Kamembe nzima ulikosa muntu mwingine?"

"Si miye. Jina lako njo lilituleta."

Jina. Mudathiru akatazama huku na huku kama panya ndani ya debe. Juu ukutani, chini ya bati, kulikuwa na vile vijumba vya matope vinavyojengwa na nyigu, viwili vitatu, vya kila mwaka, hakuna aliyevijali. Nyigu wale ukiwaachia tundu lolote, hata la kufuli, wanaliziba kwa udongo. Kila muntu wa huku anajua hilo.

Akavunja kimoja. Akakikanda na mafuta machafu kiganjani mpaka kikawa kama donge la mavi ya mbuzi.

"Ilikuwa nyigu," akamwambia Kabera. "Umesikia? Na ni weye uliiona. Miye nilikuwa nafungua sili, kama mujinga. Weye ukasema, fundi, angalia ile bomba."

"Miye?"

"Weye."

"Na kile kitambaa?"

Kile kitambaa kilikuwa bado mkononi. Askari alikuwa amesimama sasa, anajinyoosha, anakuja. Mudathiru akatembea moja kwa moja mpaka kwenye moto wa Védastine, akainama kana kwamba anachukua kaa la kuwashia sigara, akakisukuma chini ya sufuria. Moshi mweusi ukapanda papo hapo, mzito, unanuka injini.

"Nini kinanuka?" askari akauliza.

Védastine alikiona. Alimtazama Mudathiru usoni, akatazama moto, kisha akamgeukia askari mkono kiunoni.

"Unaniuliza miye? Motokari yenu imevuja mpaka mu moto yangu! Sasa ugali itanuka dizeli, nani atakula? Weye?"

"Nitakula. Mimi nakula yote."

"Nimeona tumbo. Kaa pale basi, usinizibie upepo."

Askari akacheka, akakaa, akapewa ugali na samaki wadogo wa ziwani. Kitambaa kikaungua chote nyuma ya visigino vyake. Mudathiru alirudi garini. Akarudisha bomba, akafunga kizibo, akapuliza unga wa mwisho. Injini ikawaka nusu saa nzima. Unga ukabaki mweupe.

Na hapo ndipo, mikono ikiwa mitupu, woga ukaingia vizuri.

Saa kumi haikuchelewa. Afande akaja na magari mawili, akashuka, akainama chini ya Landkruza na koti lake safi. Akapitisha kidole chini ya injini. Akakitazama. Kikavu.

"Nani ameona?"

"Dereva wako, Afande," Mudathiru akasema. "Ilikuwa nyigu. Waliziba bomba." Akampa lile donge la udongo.

Afande akalivunja kwa vidole, akalinusa. "Na wewe, Sikio? Siku nzima ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafungua sili, Afande. Nilikosea."

"Siku nzima."

"Siku nzima."

Wale askari wa magari mawili wakaanza kucheka. Mafundi wenzake, waliokuwa wamerudi kutoka swala na kusimama kando, hawakucheka, walitazama chini. Afande hakucheka pia. Akachukua bisibisi juu ya tairi, akamnyooshea, mpini mbele.

"Washa," akamwambia Kabera. Kisha kwa Mudathiru, kwa ule upole: "Sikiliza. Niambie ina ugonjwa gani mwingine."

Mudathiru akauma mpini. Akaweka ncha kwenye injini, akafumba macho, na kila kitu kikaja chenyewe, hakukiita. Valvu ya silinda ya tatu, legelege kidogo, si kitu. Pampu ya dizeli, nzima. Akasogeza ncha mbele, kwenye pampu ya maji, na pale akasikia beringi inakufa. Ilikuwa inasaga kavu, kwa ndani, kama muntu anatafuna mchanga usingizini. Kilomita mia moja. Mia na hamsini kama mvua itaipoza. Baada ya hapo pampu inakatika, maji yanamwagika, injini inachemka na kugoma, na itakuwa kule ng'ambo, mbele ya milima ya Ngomo, porini, na Kabera ndiye atakuwa ameshika usukani, fundi aliyesifiwa.

Akafumbua macho. Afande alikuwa anamtazama mdomo, kama wanavyomtazama muntu anayehesabu pesa zao.

Ulimi wake ulishaanza. Kwa miaka ishirini ulikuwa unasema wenyewe kile sikio lilichosikia, bila kuomba ruhusa. Aliuuma.

"Sisikii kitu, Afande. Iko sawa."

"Kitu chochote?"

"Masikio yangu yaliharibika. Mabomu ya '96. Batu bado banasema tu jina la zamani."

Mpini wa bisibisi ulikuwa umebaki na alama za meno.

"Fundi anayeshindwa na nyigu," Afande akasema mwishowe, akatupa ule udongo miguuni pake. "Kamembe mbaki naye." Akampiga Kabera begani. "Wewe, kumbe nina fundi ndani ya gari yangu mwenyewe. Twende."

Kabera akapanda. Mudathiru akaenda kufunga boneti, akainama karibu na dirisha la dereva kana kwamba anafuta kioo, na akasema bila kufungua meno:

"Kila ukisimama, tia maji. Kila ukisimama. Usiniulize."

Kabera alitaka kuuliza. Ilionekana usoni. Lakini gari ya mbele ikapiga honi, akaingiza gia, wakashuka kuelekea Cyangugu na daraja. Barabarani nyuma yao hakukuwa na tone hata moja.

Mudathiru akakaa chini, kwenye matope ya mafuta, na suruali yake yote. Mafundi wakamwacha. Aliyekuja ni Védastine. Alisimama mbele yake, hakuinama.

"Ulisikia kitu," akasema.

"Sikusikia."

"Papa Teta, miye nimekuona miaka kumi ukiuma ile bisibisi. Ulisikia."

Mudathiru akaifuta bisibisi kwenye suruali.

"Mungu anisamehe," Védastine akasema, "nilikuwa naomba bakubebe. Nilikuwa nasema mu roho, huyu atamuona Birindwa, huyu atarudi aniambie." Akajifuta uso kwa kiganja, haraka, kama anafukuza inzi. "Amuka. Utashikwa na baridi."

Habari ya Kabera haikufika Kamembe, si nzuri wala mbaya, wala ya Birindwa. Mudathiru hakuuliza, kwa sababu anayeuliza anaulizwa. Kila dereva wa Bukavu aliyeegesha kiwanjani, yeye alikuwa wa kwanza kumtazama uso, halafu anaondoka.

Habari iliyofika haraka ilikuwa ile ya nyigu. Wiki moja tu, na wateja wakaanza kuingia kiwanjani wanampita, wanaenda kwa fundi wa pili. Wengine walimtania mbele yake: mzee, angalia, kuna nyigu mu redieta. Yeye alicheka nao. Alitoa bisibisi ile ya kusikilizia, akampa kijana wa kuziba pancha aitumie kubandua matairi. Akaandika kwa chaki kwenye bati: HAPA TUNABADILISHA MAFUTA. Basi. Mke wake alipomuuliza juu ya nini, akamwambia mafuta yanalisha batoto sawa sawa na injini, na Maman Teta, ambaye si mjinga, hakuuliza tena.

Miaka mitano alikaa hivyo, mpaka vita vya ng'ambo vikatulia na mafundi wakaanza tena kuvuka kwa miguu yao wenyewe. Miaka mitano kila gari iliyopanda kutoka bonde la Bugarama kwenda sokoni ilipita mbele yake ikimwambia ugonjwa wake, breki, beringi, valvu, waziwazi kabisa kama muntu anayekuita kwa jina. Yeye aliinamisha kichwa, akashika faneli, akaendelea kumimina.